ORS kwanza, kichupa baadaye
Na Mwanaidi Shekue

Mzazi wa mtoto anayeharisha akiingia duka la dawa siku hizi, huenda akatoka na vichupa vidogo vya plastiki vyenye maji meupemeupe. Unatikisa, unanyonga kifuniko, unamnywesha. Ndani mna spora za Bacillus clausii, mabilioni kwa mabilioni.

Spora hizi mimi nazitetea. Bakteria wengi wa mtindi hufia kwenye tindikali ya tumbo, na joto la dukani huwapunguza mapema. Spora ni bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu. Joto halimsumbui, tindikali haimtishi. Kwetu, umeme unapokatika bila taarifa, hilo si jambo dogo. Akifika kwenye utumbo mdogo huamka, akagombea nafasi na chakula na vijidudu vya maradhi, na kuzigutusha chembe za kinga zilizojaa kwenye ukuta wa utumbo.

Kilichonishawishi zaidi kimetoka Thailand. Mwaka 2018 watafiti walipima wanavijiji 200: waliokuwa na Bacillus kinyesini, hakuna hata mmoja aliyekutwa na Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu anayeweza pia kuingia kwenye damu na kuua. Baadhi ya Bacillus hutoa kemikali, fengisini, zinazokata mawasiliano ambayo adui huyo huyategemea ili akae mwilini. Katika jaribio lililochapishwa 2023, waliomeza Bacillus subtilis, wa jamii hiyohiyo, kwa wiki nne walipungukiwa na Staphylococcus huyo tumboni kwa zaidi ya asilimia 95.

Lakini kinachomuua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa maji, na spora hairudishi maji. ORS, ile poda ya chumvi na sukari inayokorogwa kwenye maji, ndiyo inayoyarudisha. Shirika la Afya Duniani linataka aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Inaniuma mzazi anapomalizia hela yake kwenye vichupa huku pakiti za ORS, zilizo nafuu kuliko vichupa hivyo, zimebaki kabatini. Na watoto njiti au wenye kinga dhaifu wasipewe spora bila daktari; zimewahi kuingia kwenye damu ya wagonjwa wa namna hiyo.

Ndugu zangu wauza dawa, mpeni mzazi ORS na zinki kwanza. Hela ikibaki, ndipo mumtajie kichupa.