Deiwaka Darasani: Hoja Zao Zipimwe Moja Moja

Hoja zenyewe mmeshazisikia. Zinatolewa kwenye vikao vya bodi za shule hapa Marekani na kwenye vyumba vya walimu. Sisi Waswahili tunaoishi huku nasi tunazirudia sebuleni, pale mmoja wetu anapotaja kwamba amepata kibarua cha deiwaka, yaani kushika kwa siku nafasi ya msaidizi wa mwalimu asiyekuwepo, katika darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Nimeifanya kazi hiyo na hoja hizo nimezisikiliza kwa makini. Naziweka mbele yenu kama wenyewe wanavyozisema, na ninyi ndio mtakaohukumu.

Ya kwanza: hii ni kazi ya uyaya, anaiweza yeyote mwenye subira na upendo. Ushahidi wao ni kwamba wilaya nyingi za shule humpokea msaidizi wa muda mwenye cheti cha sekondari tu, akishachukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu. Ni kweli. Lakini sharti la kuajiriwa linaonyesha mwajiri ameridhika na nini, halionyeshi kazi inadai nini. Tazameni saa ya chakula cha mchana. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anakula chakula kilichosagwa kwa sababu misuli yake ya kumezea ni dhaifu. Anakalishwa wima, kijiko kinaingia na chakula kidogo, na cha pili hakiji mpaka cha kwanza kimemezwa. Mtu mwenye upendo mwingi asiyeyajua hayo atamwonea huruma na kumpa kipande cha biskuti, na kipande hicho kinaweza kumpalia. Meza ya pili kuna binti asiyezungumza kwa mdomo. Anazungumza kwa kugusa picha kwenye kishikwambi. Ukishamuuliza swali, unanyamaza. Unahesabu kimoyomoyo hadi kumi, kwa sababu kidole chake kinahitaji muda huo kuifikia picha anayoitaka. Asiyejua hurudia swali kabla kidole hakijafika, kisha humjibia, kisha huandika kwamba mtoto hakushiriki. Subira anaweza kuwa nayo tele, na bado akawa amemnyima mtoto nafasi ya kusema.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Wanasema mafaili ya watoto hawa ni siri, na mtu anayekuja kwa siku moja hana haki ya kujua yaliyomo. Faragha ya mtoto ni jambo zito, na sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi ilitungwa kwa sababu njema. Lakini sheria hiyohiyo inawaruhusu watumishi wa shule wenye sababu halali ya kielimu kuziona kumbukumbu hizo. Kanuni za IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, zinakwenda mbali zaidi. Zinaiamuru shule ihakikishe kwamba mpango binafsi wa elimu wa kila mtoto unapatikana kwa walimu wake na kwa kila mtoa huduma mwenye wajibu wa kuutekeleza, na kwamba wote hao wameelezwa majukumu yao na marekebisho ambayo mtoto anastahili kufanyiwa. Kanuni inaangalia nani anautekeleza mpango huo. Haikumtoa anayelipwa kwa siku.

Wala hakuna anayeomba kuona majibu ya vipimo vya akili au historia ya familia. Ukurasa mmoja unatosha: ana kifafa au hana, dawa ya dharura iko kwa nani, anakula nini, anawasilianaje, kitu gani humtisha, na akitishika anatulizwa vipi. Shule moja niliyopangiwa ilinikabidhi beji, ufunguo na jina la kwanza la mtoto. Kwamba kengele ya zoezi la moto humfanya atimue mbio, niliambiwa wakati tayari tunamkimbiza kuelekea maegesho ya magari. Hata deiwaka wa daladala, kabla ya kushika usukani, huambiwa breki za gari zikoje.

Sasa wekeni hoja hizi mbili pamoja, kwa sababu mara nyingi zinatoka kinywani mwa mtu mmoja. Ya kwanza inasema kazi ni nyepesi kiasi kwamba haihitaji maandalizi. Ya pili inasema habari zinazohitajika kuifanya ni nyeti kiasi kwamba mfanyakazi hawezi kupewa. Mtu yuleyule anaaminiwa kumpeleka mtoto msalani, kumvua nguo na kumbadilisha nepi, lakini haaminiwi kujua kama mtoto huyo huanguka kifafa. Atakayezitetea zote mbili atuambie ni maslahi gani ya mtoto yanayolindwa hapo.

Hoja ya tatu ina uzito. Inasema utafiti umeonyesha kwamba wasaidizi wanawarudisha watoto nyuma, hivyo hakuna sababu ya kuongeza fedha huko. Utafiti wenyewe upo. Kati ya 2003 na 2008, Peter Blatchford na wenzake wa Institute of Education ya London walifuatilia maelfu ya wanafunzi nchini Uingereza, wakakuta kwamba waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kimasomo kuliko wenzao waliofanana nao, hata baada ya kuzingatia viwango vyao vya awali na mahitaji yao maalumu. Huku Marekani, Michael Giangreco na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont walikuwa wameonya tangu 1997 kwamba msaidizi anayemganda mtoto muda wote humtenga na mwalimu na humtenga na watoto wenzake. Matokeo hayo nayakubali, na ninaishi nayo kila ninapovuta kiti kukaa karibu na mwanafunzi: nimsogelee kiasi gani, na lini niondoke ili mwenzake aje.

Lakini someni wanachosema watafiti hao kuhusu chanzo. Kikosi cha Blatchford hakikuwatupia lawama wasaidizi. Kilisema tatizo ni namna shule zinavyowatumia. Watoto wenye shida kubwa zaidi wanaachiwa watu wenye mafunzo madogo zaidi, mwalimu anabaki na wengine, na msaidizi anaingia kipindini bila kujua somo la siku wala lengo lake, kwa kuwa hakuna muda uliotengwa wa yeye kuzungumza na mwalimu. Tafiti zilizofuata Uingereza zilionyesha kwamba wasaidizi waliofunzwa, wakaendesha programu zenye utaratibu maalumu kwa mtoto mmoja au kikundi kidogo, waliwasaidia watoto kusonga mbele. Kwa hiyo ushahidi unaoletwa kupinga maandalizi ni ushahidi wa madhara ya kukosa maandalizi. Na kama msaidizi wa kudumu, anayemjua mtoto kwa miaka, anadhoofishwa na kutoelezwa, aliyefika asubuhi ya leo atafanyaje?

Ya nne husemwa kwa upole: ni siku moja tu, ikipita bila fujo inatosha. Kipimo kama hicho, cha kuridhika na kidogo, kilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Familia ya Endrew, mtoto mwenye usonji kutoka Colorado, ilimtoa katika shule ya umma baada ya kuona malengo yake yakirudiwa mwaka hadi mwaka bila hatua ya maana. Mwaka 2017 majaji wote walioisikiliza kesi walikataa wazo kwamba manufaa yanayozidi sifuri kidogo tu yanatosha. Mpango wa mtoto lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali yake. Mtoto aliyewekwa kona na katuni tangu asubuhi hadi basi lije hakufanya fujo. Hakujifunza pia.

Inabaki ya fedha: wilaya hazina. Upungufu upo, sikatai. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipoipitisha sheria iliyokuja kuitwa IDEA, liliweka lengo la kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa kila mtoto anayehudumiwa, na kiwango hicho hakijafikiwa hata mara moja. Lawama hiyo ipelekwe Washington. Lakini mjini Washington kwenyewe, mwaka 1972, katika kesi ya Mills, Jaji Joseph Waddy aliamua kwamba fedha zikipungua, upungufu huo usimwelemee mtoto mwenye ulemavu kuliko watoto wengine. Na yanayodaiwa hapa hayahitaji bajeti mpya ya taifa: nusu saa inayolipwa kabla ya kengele ya kwanza, ule ukurasa mmoja ukiwa umeandikwa na mwalimu anayemjua mtoto, na jina la mtu aliye ndani ya jengo wa kumwita mambo yakiharibika.