Unyevu wa Wanga na Ujira wa Mfanyakazi

Tangu Juni 1, 2019, Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, yamesemwa mengi juu ya plastiki inayooza, ile ichanganywayo na wanga. Muhogo twaulima wenyewe, nasi twaliunga mkono jambo hili. Lakini yuko adui mmoja ambaye wasifu wake hawamtaji, naye ni maji.

Wanga ukiushika mkononi utadhani ni mkavu kama vumbi. Sivyo. Uliokaa katika hewa ya kawaida huwa na maji yapata 12 kwa mia. Gunia la kilo 50 lina kilo 6 za maji zilizojificha ndani ya punje zake. Plastiki nayo huyeyushwa katika joto la digrii 150 au kupita, hali maji huchemka katika digrii 100. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ndani ya mtambo mvuke huo umebanwa. Ukifika mdomoni hufumuka, na mfuko hutoka una mapovu na matundu. Ikiwa plastiki yenyewe ni ya jamii ya poliesta, kama zilivyo nyingi zinazooza, madhara huzidi: maji katika joto hilo huikata minyororo yake, na mfuko usio na tundu hata moja huchanika upesi. (Polithini iliyotiwa wanga haiozi, vijidudu hula wanga, vipande vya polithini hubaki shambani. Tusidanganyane.)

Basi mfuko ukitoka na matundu, nani hulaumiwa kwanza? Ni yule asimamaye mbele ya mtambo. Msimamizi huitazama mikono yake, gunia halitazami. Nasi wa mwambao twajua hewa yetu ya masika: gunia lililoachwa wazi jioni hunywa unyevu usiku kucha, hata kama wanga wake ulikaushwa vema. Hakuna ustadi wa fundi uwezao kuyaondoa maji hayo asubuhi kwa kugeuza swichi.

Kwa hiyo twasema wazi. Mwenye kiwanda atakaye kujazia wanga anunue kwanza tanuri la kuukausha hata maji yashuke chini ya 1 kwa mia, na kipimo cha unyevu, na mtambo wenye tundu la kutolea mvuke. Unyevu upimwe na kuandikwa daftarini kila zamu ianzapo, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Pasipo daftari hilo, mtu asikatwe hata senti moja kwa ajili ya mifuko iliyoharibika.