Bibi harusi, pima mlango wa gari kabla hujakodi



Leo naweka kando habari za shela na hina, naomba mnivumilie niseme magari. Wanaonijua hapa Ifakara hawatashangaa. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi na mabaibui, lakini nimekulia gereji. Marehemu baba alikuwa fundi wa malori ya mpunga, na mpaka leo gari likipita nje ya duka langu nalitaja jina kwa mlio kabla sijainua kichwa kwenye cherehani.

Sasa sikilizeni. Huku bonde la Kilombero harusi hufuatana baada ya mavuno, watu wakishauza mpunga. Mwaka jana binti mmoja aliniletea kitambaa cha gauni, akalipa nusu. Kaka zake wakakodi Range Rover nyeupe kutoka Dar es Salaam, laki nane kwa siku, mafuta na posho ya dereva mbali. Siku nne kabla ya nikahi akaja dukani macho mekundu. Salio la gauni hana. Nikamwambia chukua gauni lako mwanangu, tutaonana baadaye. Hilo si tatizo, biashara ina siku kama hizo. Kilichoniuma ni kwamba kaka zake walipopungukiwa walimwomba mahari yake, akawapa. Alikuwa ameipangia jokofu, auze barafu na juisi. Jamani, mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, yeye ndiye mwenye kauli nayo. Atasemaje hapana, kaka zake wote wamesimama mlangoni na wageni wameshaalikwa?

Na gari lenyewe? Nikahi ilikuwa Lupiro, ng'ambo ya mto. Zamani huko unavuka kwa kivuko, na gari lako la kifahari linapanga foleni pamoja na magunia. Januari 2016 kivuko kile kilizama na watu na magari, Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutoka. Tangu 2018 tuna daraja, alhamdulillah. Basi Range ikapita darajani vizuri, watu wakapiga picha, mbele kidogo upande mmoja ukakaa chini kama ng'ombe anayetaka kulala. Magari hayo ya siku hizi mengi hayana springi za chuma. Yanasimama juu ya mifuko ya mpira iliyojaa hewa, ukipasuka mmoja kazi imekwisha. Fundi wa hapo atakuwa na mfuko huo wapi? Bibi harusi akamalizia safari kwenye Noah ya mjomba wake, iliyokuwa nyuma imebeba masufuria.

Msinielewe vibaya, mimi magari ya kifahari nayapenda. Tena Range Rover lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1970 lilikuwa gari la kazi, viti vya plastiki, ndani unaosha kwa mpira wa maji. Mkulima wetu wa Mang'ula angelipenda. Ufahari umekuja baadaye. Na dini haikutukataza uzuri wa chombo. Katika Surat An-Nahl Mola wetu ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pia ni pambo. Pambo halali basi, sibishani. Nauliza tu pambo la nani, na nani kalilipia.

Halafu kuna jambo ambalo wakodishaji hawalijui kwa sababu hawajawahi kuvaa gauni la waya. Mimi gari la harusi nalipima kwa futi ya cherehani. Benz la chini, lile refu jeusi linalopendwa, kiti chake kiko karibu na ardhi. Ukikaa, waya wa gauni unainuka mbele mpaka kifuani, na unaposhuka lazima utoe mguu mmoja, uiname, uinuke, huku simu kumi zinakurekodi. Stara iko wapi hapo? Nimeona bibi harusi aliyejisitiri kuanzia kichwani hadi kidoleni akiaibishwa na mlango wa gari.

Alphard au Noah mlango wake unateleza pembeni. Unaingia umesimama nusu, mkia wa gauni unakunjwa na somo yako taratibu, unakaa wima kama kwenye kochi, na somo anapata nafasi ya kukaa naye. Vioo vya nyuma mara nyingi ni vyeusi. Ukishuka, unashuka kwa hatua, gauni linatangulia. Kwa hiyo mteja akiniuliza gari gani, namjibu Noah iliyooshwa vizuri na kiyoyozi kinachofanya kazi. Wengine wananuna. Noah ni daladala, wanasema. Sawa, lakini hakuna anayekumbuka daladala ukishalipamba maua na wewe mwenyewe umependeza.

Gari langu mimi ni IST. Ndiyo, ile ile ya kila mtu. Wanaume wa mjini wanaicheka, wanakutazama namba kwanza, kama ni D au E, ndipo wakusalimie. Mimi nabeba majora ya vitambaa kutoka Morogoro, spea napata duka lolote, na fundi wa mtaani anaifungua amefumba macho. EWURA wakitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, moyo haunidundi sana. Hilo kwangu ndilo gari zuri: halinitoi usingizini.

Shoga zangu wa Unguja wameniuliza habari za magari ya umeme, kwamba ni ya kimya, hayana moshi wa kuharibu gauni jeupe. Kweli, na mimi nayatamani. Nissan Leaf ilitoka 2010, na sasa unaweza kuagiza iliyotumika kutoka Japani. Ila fanya hesabu kwanza. Zile za mwanzo zikiwa mpya kabisa zilikwenda kama kilomita 117 kwa umeme uliojaa, na betri inavyozeeka zinapungua. Mikumi hadi Ifakara peke yake ni zaidi ya kilomita 100. Yaani uanze safari na dua, uimalize na dua nzito zaidi. Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba mengi ya maji yanayofika bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji yanatoka huku kwetu. Umeme tunautoa sisi, halafu cherehani zangu zinasimama saa mbili katikati ya pindo.

Bajaji ya umeme, hiyo nitainunua siku yoyote. Mji wetu ni tambarare, mji wa baiskeli, mizunguko ni mifupi, usiku unaichaji nyumbani. Kwa kupeleka nguo kwa wateja sioni kinachoizidi.

Yule binti amenilipa salio lake lote mwezi wa pili. Jokofu bado. Wiki iliyopita alinileta mdogo wake, naye anaolewa inshallah baada ya mavuno, na kabla sijachukua kipimo cha kiuno dada mtu akaniambia, "Mama, mpime na urefu wa kukaa. Anakwenda na Noah."