Nyumba na Bustani: Mgadenia Unaougua Chumbani

Miongoni mwa mimea iwekwayo vyumbani, mgadenia ndio usumbuao zaidi. Huingia nyumbani una majani yang'aayo na vitumba vyeupe. Baada ya majuma machache majani yamekuwa manjano na vitumba vimeanguka kabla ya kufunuka. Mama wa nyumba hudhani mmea una kiu na njaa. Huumwagilia maji tele, akautilia jivu la jikoni, na kwa huruma hiyo hiyo akaumaliza.

Asili ya mgadenia wa vyunguni ni China na nchi jirani zake. Ni wa jamii moja na mbuni, na aliyepata kuona shamba la kahawa likichanua atautambua undugu huo kwa maua meupe yenye harufu. Kama michai ya Fort Portal, hupenda udongo wenye asidi. Jivu na chokaa huiondoa asidi hiyo, na mizizi hushindwa kufyonza chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wako wanaofukia misumari yenye kutu; ni kazi bure, kwani chuma aghalabu kimo udongoni, bali hakiyeyuki.

Sisi wa kambini tuna hatari ya ziada. Chokaa tupakayo mawe ya njiani yafaa siku ya ukaguzi, lakini isipakwe chungu cha mgadenia, wala usipandwe katika chungu kipya cha saruji. Debe lililotobolewa chini latosha, likijazwa udongo mweusi uliochanganywa na majani yaliyooza vizuri. Nyunyiza maji ya mvua. Maji yaachayo ukoko mweupe ndani ya birika yana chokaa.

Ikiwa majani ya manjano ni yale ya zamani, na udongo u chepechepe, yamkini mizizi inaoza. Usinyunyize mpaka kidole kikitiwa kikute pakavu juu, na maji yasituame katika sahani ya chini.

Vitumba navyo hutaka utulivu: dirisha lenye jua la asubuhi, na usiku wa kiasi cha nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Wakazi wa Kabale wauondoe dirishani jioni. Usiuweke karibu na jiko la makaa wala mkungu wa ndizi zinazoivishwa, kwani moshi na ndizi hutoa gesi iwezayo kuangusha vitumba. Chini ya majani tafuta utitiri na utando wake. Upanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie kila juma.

Askari apataye uhamisho asiubebe mmea wenye vitumba akitumaini utachanua safarini. Na akate tawi changa la sentimita 10, alichomeke katika mchanga wenye unyevu na kulifunika kwa mtungi wa kioo, mahali pasipo jua kali. Mizizi hutoka baada ya majuma 4 hadi 8.