Bara na Visiwani, kitanda kimoja

Mashosti huniuliza nawezaje kukaa nyumba moja na mtu wa Bara ikija Chalenji. Mimi mtoto wa Unguja, mume wangu wa Moshi. Kwenye mashindano ya CAF sote ni Taifa Stars, hakuna neno. Ila kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA tunagawana: yeye Kilimanjaro Stars, mimi Zanzibar Heroes.

Desemba 2017, kule Machakos, tuliwachapa 2-1. Jamani, usiku ule nilipika biriani! Utani ulikuwa mtamu mpaka rafiki yake aliposema, sebuleni kwangu, kuwa Zanzibar ni mkoa tu. Mume wangu akacheka. Kilichoniuma ni kile kicheko. Mwaka huohuo CAF ilitupa uanachama mwezi Machi, Julai ikauchukua, na kidonda kilikuwa bado kibichi.

Walipoondoka nikamwambia, bila makelele: nitanie wewe, usimwazime mtu utani wetu. Akanyamaza.

Tarehe 17 Kenya wakatutoa fainali kwa penalti 3-2, baada ya sare ya 2-2. Simu yake ikaanza kulia, marafiki hao. Akaizima, akaenda kuchemsha chai.