Mafuta ni Pesa, na Bado Yanavuja

Ukiwauliza watu wa Mbeya au Iringa kuhusu matangi ya mafuta yaliyozikwa chini ya vituo, jibu huja haraka, na ni lilelile kuanzia kwa dereva wa bodaboda hadi kwa diwani: mafuta ni pesa, na hakuna mfanyabiashara atakayekaa kimya pesa yake ikinywewa na udongo. Tuwaache wenye vituo wajilinde, wanasema; mwenye mali ana uchungu nayo, na uchungu huo unatutosha sote. Jibu hili lina sura ya busara. Mimi nalipinga moja kwa moja, kwanza kwa sababu hesabu inalikataa, na pili kwa sababu ndilo linalotufanya tukae bila mpango wala fungu la kusafisha maji yetu siku tutakapoyakuta yameharibika.

Tuanze na fimbo. Katika vituo vingi vidogo vya barabara kuu, kiasi cha mafuta kilichomo tangini bado hupimwa kwa dipstiki. Kabla pampu hazijafunguliwa asubuhi, msimamizi hufungua kifuniko, hupaka kwenye ncha ya fimbo dawa inayobadilika rangi ikikutana na maji, huiteremsha mpaka iguse chini, huivuta na kusoma unyevu ulipoishia. Petroli huruka hewani upesi, kwa hiyo alama huanza kufifia yeye akiwa bado ameinama kuisoma. Fikiria kazi hiyo Uyole mwezi Julai, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Sasa piga hesabu: tangi la lita 10,000 lenye kipenyo cha mita mbili, lililolazwa na kujaa nusu, kila milimita moja ya fimbo ni lita 6 na kitu. Jicho likikosea milimita mbili, lita 12 zimekuja au zimeondoka kwenye daftari, na hakuna aliyeiba wala aliyelala.

Kisha kuna baridi yenyewe. Petroli hupungua ujazo kwa takribani sehemu moja katika elfu kila inapopoa kwa nyuzi moja. Mafuta yanayopakiwa kwenye joto la Dar es Salaam yanapanda Kitonga, yanafika Iringa au Mbeya na kumiminwa kwenye tangi lililozungukwa na udongo wa baridi. Yakipoa nyuzi kumi, lita 10,000 zimepungua lita 100 hivi bila tundu lolote. Mwenye kituo wa Nyanda za Juu Kusini amezoea upotevu huo kuliko mwenzake wa pwani. Ameshaupangia mafungu: hizi ni za baridi, hizi za kuruka hewani, hizi lori lilileta pungufu, hizi ni za kijana wa pampu.

Ndani ya mafungu hayo tundu hujificha miaka. Tone moja kila sekunde, linalodondoka kwenye kiungo cha bomba kilichopata kutu, ni lita 4 na ushee kwa siku. Ni pungufu ya milimita moja ya ile fimbo. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500.

Na hata mwenye kituo akishtuka, tuone uchungu wa pesa utamshauri nini. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, tone lile linamgharimu kama shilingi 13,000 kwa siku. Kulitafuta ni kuvunja zege, kufukua mabomba, kutoa mafuta yote, kufunga biashara kwa majuma, pengine kununua tangi jipya. Hayo ni mamilioni mengi, na yanatakiwa kwa mkupuo. Mfanyabiashara mwenye akili timamu, anayejali kila shilingi yake, ataahirisha. Ataahirisha mwaka huu na mwaka ujao. Yale mapenzi ya pesa tuliyoyategemea yamlinde jirani ndiyo yanayomwambia asichimbe, kwa sababu hasara ya kituo ni ndogo na hasara ya jirani haimo kwenye daftari lake.

Hasara ya jirani ndiyo ninayotaka tuitazame vizuri. Ndani ya petroli mna benzeni, kemikali ambayo wataalamu wa saratani duniani wameiweka katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakuna shaka kuwa vinamsababishia binadamu saratani, hasa ya damu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 katika lita ya maji ya kunywa. Tukichukua petroli yenye benzeni asilimia moja tu, benzeni iliyomo katika lita moja ya petroli inatosha kufikisha kwenye kikomo hicho zaidi ya lita 800,000 za maji. Lita moja. Tone letu linatoa nne kwa siku.

Hapa imani yetu huwa inapata msaidizi: maji yakiingia mafuta, tutayasikia harufu. Petroli nyingi, ndiyo, hunuka. Lakini benzeni katika kiwango kinachozidi kikomo mara kadhaa haisikiki kwa pua ya mtu yeyote. Kisima cha nyumbani kikipimwa, kama kinapimwa, hutafutwa vijidudu na chumvi. Anayekunywa hajui, anayeuza mafuta hajui, na daktari atakayemwona mgonjwa miaka kumi baadaye hatauliza kisima kilikuwa mita ngapi kutoka kituoni.

Ardhi yetu nayo ina tabia zake. Sehemu kubwa ya Mbeya, Uyole na Rungwe imelala juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano, udongo uleule unaostawisha viazi, na ambao maji hupenya haraka kwenda chini. Iringa ni miamba ya zamani yenye nyufa. Maji hufuata ufa, na ufa haumwambii mtu unaelekea wapi. Pale Ipogolo barabara kuu inashuka hadi karibu na Ruaha Mdogo, na mji wa Iringa unategemea mto huo kwa maji ya bomba. Kuanzia Igurusi hadi Igawa barabara inavuka mto baada ya mto, yote ikielekea Usangu. Tumeweka mafuta na maji bega kwa bega kwa urefu wa barabara nzima, na bado tunaambiana kwamba tamaa ya faida itavitenganisha.

Kama uchungu wa mali ungetosha, Marekani ingekuwa shahidi. Wafanyabiashara wa kule wanapenda pesa kama wa hapa, na wana wahasibu, bima na mawakili. Mwaka 1984 Bunge lao lilitunga sheria ya matangi ya chini ya ardhi baada ya visima vya watu kuanza kutoa petroli. Mwaka 1986 likaunda mfuko wa kusafisha, unaolishwa kwa sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni. Mwaka 1988 zikatoka kanuni zilizowapa wenye vituo miaka kumi, hadi Desemba 1998, kuyakinga matangi ya zamani dhidi ya kutu, kuyabadilisha au kuyafunga. Walipoanza kuchimba na kupima walichokikuta ni mahali zaidi ya 500,000 palipovuja. Zaidi ya nusu milioni, katika nchi ambayo kila mwenye tangi alikuwa na sababu ya kifedha ya kutovujisha. Jirani zetu wa Kenya walipata somo lao Mei 2015, bomba kubwa la mafuta kutoka Mombasa kwenda Nairobi lilipovuja Thange, kule Kibwezi, mafuta yakaingia mtoni na visimani. Mali ya thamani kubwa, kampuni yenye wahandisi, na bado.

Hapo nimezungumzia vituo vilivyo hai. Vilivyokufa vinanisumbua zaidi, maana huko hata yule mwenye uchungu hayupo. Pita barabara ya Tanzam kwa macho ya kutafuta, utaviona: paa la bati limebaki, visiki vya pampu vimekatwa, chini ya zege tangi bado limo. Pengine pamefunguliwa gereji, pengine pa kuoshea magari. Baadhi ya matangi yaliyozikwa wakati wa Esso, Agip na Caltex yamebadilisha mmiliki mara mbili au tatu. BP ikaja kuwa Puma. Gapco ikanunuliwa na Total mwaka 2017. Sisemi tangi la kampuni yoyote kati ya hizo linavuja. Ninachosema ni kwamba bango hubadilishwa kwa siku moja, na chuma kilichomo ardhini hubaki palepale kikila kutu, huku kila mmiliki mpya akiwa na hoja kwamba kosa, kama lipo, ni la aliyemtangulia.

Sheria tunazo, utaniambia. Kweli tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatamka kwamba mchafuzi hulipa, inaipa NEMC, baraza la taifa la mazingira, uwezo wa kuamuru mahali parudishwe katika hali yake, na inaunda hata Mfuko wa Mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni ya kituo, na ina ofisi ya kanda Mbeya kama ilivyo NEMC. Bodi za mabonde ya Rufiji na Ziwa Rukwa ziko hapahapa, moja Iringa, nyingine Mbeya. Lakini kanuni ya mchafuzi hulipa inahitaji mchafuzi anayejulikana, aliye hai na mwenye pesa. Kituo kilichofilisika hakilipi. Mrithi aliyeachiwa kiwanja halipi. Na mwenye kituo kimoja cha Chimala ambaye kesho atagundua kwamba bomba lake linavuja ana njia mbili: aseme, atozwe faini, aamriwe kusafisha kwa gharama inayozidi thamani ya biashara yake yote, au anyamaze. Tumetunga sheria inayomwadhibu msema kweli, kisha tunashangaa kwa nini hatusikii habari za matangi yanayovuja.

Serikali ikitaka kuhesabu lita, inaweza. Tangu 2010 mafuta yanawekewa vinasaba ili uchakachuaji ujulikane. Julai 2017 vituo vilifungwa nchi nzima kwa kukosa mashine za kielektroniki za risiti kwenye pampu, na mashine zikapatikana. Kila lita inayotoka kwa mpira wa pampu ina alama na risiti. Lita inayotoka kwa kutu haina mtu wa kuiulizia, kwa sababu haina kodi ndani yake.

Ninachotaka ni hiki. Tozo ya shilingi moja kwa kila lita ya petroli na dizeli, iende kwenye mfuko wa kusafisha mivujo na si kwingine. Kila lita bilioni moja italeta shilingi bilioni moja, na nchi yetu inatumia mabilioni kadhaa ya lita kwa mwaka. Bodaboda anayeweka lita tano atachangia shilingi tano. Wapo watakaosema mwananchi amechoka na tozo za mafuta, na wana haki ya kusema: mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara, mwaka 2023 shilingi 100 nyingine kwa miradi ya maendeleo. Aliyekubali mia mbili kwa ajili ya lami na miradi hawezi kuniambia shilingi moja kwa ajili ya maji ya kunywa itavunja uchumi. Ama ichotwe kutoka ndani ya hizo mia mbili, nitaridhika zaidi.

Mfuko huo umlipie mwenye kituo anayejitokeza mwenyewe, akichangia sehemu ya gharama kulingana na ukubwa wake, ili kusema kweli kusimfilisi. Anayeficha akakutwa asipate senti, na faini iwe ya kuuma. Asiyetimiza masharti ya ukaguzi naye asiguse mfuko, la sivyo tutakuwa tunawalipia wazembe uzembe wao. Kituo kipya kiwe na tangi la kuta mbili lenye kihisi katikati, na cha zamani kizungukwe na visima vidogo vya uchunguzi ambavyo maji yake yatapelekwa maabara kila mwaka, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa ambapo jirani atayasoma. Hapa sikubali punguzo, kwa sababu, kama tulivyoona, fimbo haiwezi kuliona tone.

Na fedha hizo zisiingie kapu kuu la Hazina. Hata Marekani, yenye mfuko ninaousifu, mwaka 2012 Bunge lilichota humo dola bilioni 2.4 likazipeleka kwenye barabara, huku maelfu ya mahali palipovuja pakiwa bado hapajasafishwa. Wetu uwe na bodi ambayo mamlaka za maji na bodi za mabonde zina kura, maana hao ndio watakaoulizwa na wananchi maji yakiharibika.

Kazi ya kwanza naitaja kabisa: orodha ya vituo vyote vilivyokufa kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma, matangi yafukuliwe, udongo upimwe, na visima vya jirani vipimwe benzeni. Bei elekezi hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bajeti husomwa bungeni kila Juni. Wabunge wa Mbeya na Iringa, shilingi hiyo moja naitarajia kutoka vinywani mwenu Juni ijayo, na jina la kila mmoja wenu atakayekaa kimya litachapishwa hapa.