Kabla ya kung'oa mbao, uliza nani angali shimoni

Mbao zilizooza shimoni zinapaswa kutoka, kila mchimbaji anajua. Lakini kwanza tunauliza kama kuko mtu chini.

Debian, programu huru ya kuendesha kompyuta, inatunzwa na watu wa kujitolea tangu 1993. Toleo la 13, la mwezi wa nane 2025, haliingizwi tena kwenye mashini za zamani za biti 32. Hatuwalaumu: kutunza ya zamani kunakula muda wa watu wasiolipwa. Hata Linux, 2013, iliacha prosesa ya 386, ile ile ambayo Linus Torvalds alianzia.

Shida ni shauri lao: ingiza ya biti 64 kama inawezekana, ama mashini ipumzike. Ipumzike wapi? Hapa Katindo, mashini iliyochoka Ulaya ndiyo ingali inaandika majina ya wachimbaji na michango yao.

Tunaomba tangazo kama hilo lifike mapema, na kwa Kiswahili pia. Na sisi wenyewe tuangalie: mashini zingine zinakubali biti 64, hatujajaribu tu. Ila tukopie orodha kwanza, mbele umeme haujaenda.